Msahihishaji Haoni Rangi

Koti lake jeupe la maabara lilipigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ikasimama kama ukingo wa bahasha, na halikuwa na doa hata moja. Asiyesoma kemia anaweza kudhani ninamsifu, kwa hiyo nieleze. Koti la mtu anayefanya kemia huchakaa kwa namna yake. Tone la asidi likiangukia kitambaa hulioni siku hiyo. Unaliona ukishafua, pametoboka. Kemikali ya pamanganeti huacha doa la kahawia ambalo sabuni hailiwezi. Ukimwona mhadhiri wa kemia aliyefundisha miaka mingi na koti lake bado linang'aa kama siku lilipotoka dukani, usiseme ni mtu nadhifu. Jiulize humo maabara amekuwa akifanya nini.

Mimi nilijiuliza kwa miaka minne: mitatu iliyokuwa halali yangu, na mmoja niliourudia kwa sababu yake. Chuo kilikuwa Iringa. Nilikwenda kusoma shahada ya ualimu ili nifundishe kemia sekondari, na yeye ndiye aliyetufundisha kemia yenyewe na pia mbinu za kuifundisha, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kumkwepa. Mbele yake tulimwita Daktari, maana alitaka hivyo. Tukiwa wenyewe tulimwita Mhadhiri, na hapa nitamwita hivyo. Mwenzangu wa chumba, Atupele, msichana wa Makongolosi aliyekulia kwenye vumbi la machimbo ya dhahabu, alisema siku Mhadhiri akizikwa na lile koti, udongo wenyewe utalikwepa.

Wanafunzi wangu wa sasa wanajua kwamba sikasiriki upesi. Mtu asipoelewa, narudia, na nikirudia mara ya nne bado naona raha. Ndiyo maana dharau niliyonayo kwa Mhadhiri nataka kuieleza taratibu, ili anayesoma aone imetoka wapi na asidhani nimezaliwa nayo.

Alifundisha kwa imla. Alisimama, akafungua makaratasi yake, akasoma, sisi tukaandika. Alitaja hata alama za uandishi. Namkumbuka akitusomea somo la ufundishaji shirikishi, lile linalosema mwanafunzi ndiye kiini cha darasa: "Mwanafunzi asilishwe maarifa, mkato, bali aachwe agundue mwenyewe, nukta." Aliyasoma kwa Kiingereza, mimi nimeyaleta kwa lugha yetu, lakini mkato na nukta ni vyake. Kijana mmoja alinyoosha mkono kuuliza mwanafunzi atagunduaje kama hana kifaa. Mhadhiri akamtazama mpaka mkono ukashuka wenyewe, kisha akaendelea na aya iliyofuata, iliyohusu umuhimu wa kuwapa wanafunzi nafasi ya kuuliza.

Baadaye simu zilipoenea darasa zima, imla ikahamia kwenye kundi letu la WhatsApp. Alituma sauti ndefu ndefu akiwa amelala kwake, na kwa nyuma tulisikia kuku. Atupele alikuwa akizisikiliza huku anasuka nywele, na kila Mhadhiri aliposema nukta, yeye anafunga msuko.

Maabara ilikuwa chini ya darasa letu, na ufunguo alikaa nao yeye. Alisema kemikali ni ghali na sisi ni wamwagaji. Siku ya titresheni alichora bureti ubaoni kwa chaki nyeupe, akachora chupa chini yake kwa chaki ya njano, kisha akachora matone. Tulinakili matone. Kuna mwenzetu aliyachora makubwa, akakatwa alama.

Nieleze na hili, kwa sababu mambo yote yaliyonipata yalizunguka hapo. Titresheni ni kazi ndogo na nzuri sana. Unaweka besi kwenye chupa, unatia kiashiria, maji yanakuwa ya njano. Juu yake unasimamisha bureti, yaani mrija mrefu wa kioo wenye namba ubavuni na koki chini, umejaa asidi. Unafungua koki kidogo, asidi inadondoka, mkono mwingine unaitikisa chupa. Kwa muda mrefu hakuna kinachobadilika. Halafu tone moja tu linaingia na njano inageuka chungwa. Hapo unafunga, unasoma namba. Ukizidisha, inakuwa nyekundu, na kosa ni lako. Hakuna hila wala kipaji maalumu. Mtoto yeyote mwenye macho na subira anaweza, na akikosea anamwaga anaanza tena. Lakini tone lile lazima uliheshimu. Lazima uwe umesimama pale ukilisubiri.

Mhadhiri aliona kusubiri ni kupoteza muda. Kwa kuwa hesabu inaweza kufanywa mapema, alitufundisha kukokotoa jibu kwanza, kisha kujaza jedwali kwa kurudi nyuma: mara ya kwanza namba fulani, ya pili izidi kidogo, ya tatu ipungue kidogo, ili ionekane kama mkono wa mtu. Mtu akilalamika, alikuwa na neno lake, nalo alilisema kwa upole kama anayekupa siri ya familia: "Msahihishaji haoni rangi. Anaona maandishi." La pili alilipenda zaidi: "Andika kwanza, utaelewa ukiajiriwa." Nilimaliza mwaka wa pili wa kusomea kemia bila kushika koki.

Salamu yake pia ilikuwa ya aina mbili. Ukimpa shikamoo chuoni, alijibu kwa nyusi. Lakini nimemkuta sokoni amesimama na akina mama wauza maharage, kamwene huku, kamwene huku, kwa salamu ya Kihehe, anauliza habari za mtoto aliyekuwa anaumwa, anamtaja mtoto kwa jina. Akifiwa mtu yeyote chuoni, hata mlinzi, Mhadhiri alikuwa wa kwanza kufika, suruali ameikunja, anapanga viti na kupasua kuni. Alikesha. Sifichi hayo, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yanazidisha uzito wa kesi yake. Mtu mwenye roho mbaya ningemwelewa upesi zaidi.

Lililonimaliza kabisa lilikuwa sabuni. Parokiani kwa Mhadhiri kulikuwa na kikundi cha akina mama wanaotengeneza sabuni, na jioni moja Atupele alinivuta twende tukajifunze. Tulimkuta Mhadhiri pale, katika fulana iliyotoboka tumboni. Alikuwa amekaa chini kabisa, kwenye kigoda. Kila mama alikuwa na ndoo yake, mti wake wa kukorogea na glovu zake, na yeye alizunguka kwa kuhamisha kigoda kutoka ndoo hadi ndoo.

Mama mmoja sabuni yake ilikataa kushika. Akasema basi yeye hana akili hizo, Daktari amkorogee. Mhadhiri akaficha mikono nyuma. "Hapana, mama Imani. Mimi nikikoroga nitajua mimi. Wewe unaona nini hapo ndani?" Mama akachungulia, akasema anaona mafuta yanaelea. "Haya. Na jana yalielea?" Jana hayakuelea. "Jana ulifanya nini ambacho leo hukufanya?" Yule mama alifikiri, tukaona uso unafunguka, akasema jana alisubiri magadi yapoe. Mhadhiri akacheka kwa furaha kama amepewa zawadi.

Nilirudi bwenini. Nilikuwa nimemsamehe kwa kudhani hajui. Mtu anaweza kufundisha vibaya kwa sababu naye alifundishwa vibaya, na huyo hupaswi kumdharau, unamsaidia. Lakini yule mtu wa kwenye kigoda alijua kila kitu. Ufundi wote alikuwa nao mikononi, na kila Jumatatu aliuacha nyumbani, akavaa koti, akaja kutusomea nukta.

Somo pekee la vitendo alilowahi kutupa lilikuwa wiki moja kabla hatujaenda kufundisha kwa majaribio. Alifunga mlango wa darasa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akatueleza kwamba siku mkaguzi wa chuo anapokuja kukupima, fundisha somo ambalo darasa ulishalifundisha. Kisha waambie wanafunzi wote wanyooshe mikono kila unapouliza: anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua wa kushoto. Wewe uchague wa kulia. Mkaguzi ataona msitu wa mikono na majibu yote sahihi. Alitufanyisha mazoezi. Watu wazima tulikaa pale tunanyoosha kulia, tunanyoosha kushoto, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alituambia tumefanya vizuri.

Mimi nilipangiwa shule ya sekondari karibu na Nyololo, pale malori yanapokanyaga breki kwenye ukungu wa asubuhi. Kidato cha tatu kilikuwa na watoto wakimya, wamevaa masweta mawili mawili. Stoo ya shule nilikuta katoni ya bureti ambazo hazijawahi kufunguliwa, bado zimeviringishwa karatasi, na asidi na besi za kutosha. Mkuu wa shule akaniambia hakuna aliyewahi kuziomba. Tulizifungua pamoja na wanafunzi. Siku ile ya kwanza walivunja moja, na aliyevunja alilia. Nikamwambia bureti iliyovunjika mikononi mwa mwanafunzi imefanya kazi kuliko iliyolala stoo. Na mimi nilikuwa najifunza nao, ingawa nilishafanya mazoezi jioni peke yangu mpaka nikaanza kuliona lile tone kabla halijatua.

Mkaguzi aliyeletwa Nyololo alikuwa Mhadhiri. Alifika na koti lake, akakaa nyuma ya darasa na faili mapajani. Sikuwa nimeandaa mikono ya kulia. Niliwaacha wanafunzi wafanye titresheni, nikawa napita kati ya meza. Makundi mengi yalipata kama mililita ishirini na nne, na wengine karibu na hapo. Lakini msichana mmoja, Faraja, mrefu, mwoga wa kuongea, alifungua koki sana na chupa yake ikawa nyekundu. Akasoma, akapata thelathini na moja. Nikamuuliza ameona nini.

"Imekuwa nyekundu, madam. Nimepitiliza."

Nikamuuliza sasa atafanyaje, akasema ataandika, kisha atarudia. Ningeweza kumkumbatia. Hapo ndipo Mhadhiri aliponyanyuka. Alikuja mpaka kwenye meza, akachukua kalamu ya mtoto, akakata thelathini na moja, akaandika ishirini na nne.

"Lakini mimi sijapata hiyo, mwalimu," Faraja akasema.

"Msahihishaji haoni rangi, binti. Anaona maandishi."

Faraja aligeuka akanitazama. Nilijua vizuri kilichokuwa mezani. Kalamu iliyoandika ile ishirini na nne ndiyo ingeandika alama zangu. Nikifeli pale sihitimu na wenzangu, narudi chuoni mwaka mzima, na mama yangu kule Ubaruku ameshawaambia watu wote wa mashine ya kukoboa mpunga kwamba mwanawe anavaa joho mwaka huu. Lakini yule mtoto alikuwa ananitazama ili ajue kama alichokiona kwa macho yake kipo au hakipo.

Nikamwambia, "Futa hiyo. Andika ulichoona wewe."

Akafuta. Mhadhiri akarudi kwenye kiti, akafunga faili kabla kipindi hakijaisha.

Nje, karibu na gari la chuo, hakufoka. Aliniambia atanionea huruma, hataandika chochote kwa leo, atarudi Alhamisi. "Andaa darasa. Namna unaijua." Kisha akanishauri nikanunue sweta zito, Nyololo kuna baridi. Huyo ndiye yeye.

Nilimpigia Atupele. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Dada yangu, nyoosheni mikono mmalize. Kemia ya kweli utaifundisha ukishaajiriwa. Huko nani atakufuata?" Nikamwambia sentensi hiyo nimeisikia mahali. Akacheka vibaya, akasema kweli, mzee ameshamwingia kama funza.

Alhamisi nilifundisha titresheni ileile, kwa namna ileile. Faraja alipata namba nzuri safari hii, yake mwenyewe, na alipoiona ile chungwa alitoa sauti ndogo ya mshangao. Mhadhiri hakunyanyua kichwa. Aliandika kwamba sina udhibiti wa darasa na kwamba matokeo ya wanafunzi wangu hayafanani. La pili lilikuwa kweli. Hayakufanana kwa sababu yalikuwa yao.

Nilifeli. Wenzangu walivaa majoho, mimi nikarudi Ubaruku kumwambia mama. Aliniuliza kama nimeiba au nimepigana na mtu. Niliposema hapana, akasema basi, kesho tunaingia majarubani, na hakulitaja tena jambo hilo mbele yangu, ingawa kwenye mashine ya kukoboa alijibu maswali ya watu kwa msimu mzima. Hilo ndilo ninaloshindwa kumsamehe Mhadhiri. Mwaka wangu nilishausahau.

Mwaka uliofuata nilipelekwa kufanya majaribio Mbeya. Mkaguzi alikuwa mama mmoja mtulivu ambaye aliomba naye apewe bureti ajaribu. Nilifaulu, nikaajiriwa, na nipo Mbeya mpaka leo, kwenye shule ya mlimani ambako watoto wanakuja na matope ya mashamba ya viazi kwenye viatu. Atupele alifundisha kidogo akaacha, yuko kwao Makongolosi ana duka la vifaa vya wachimbaji. Anasema alichoka kujaza majedwali.

Juzi tu, mtaala mpya ukiwa umetushika shingoni wote, Mhadhiri alikuja shuleni kwangu. Amestaafu, amehamia Mbeya kwa binti yake. Amepungua, shingo imebaki ndogo ndani ya kola. Nilimpa shikamoo na akaijibu kwa maneno, marahaba kamili, akaniuliza habari za nyumbani. Pembeni yake alikuwepo msichana aliyevaa sare za shule nyingine, mjukuu wake, kidato cha tatu. Alitaka ahamie kwangu. Mkuu wa shule alishakubali. Yeye alikuja ili tuonane uso kwa uso.

Alisema huko anakosoma wanakaririsha. Wanachora matone ubaoni, alisema, na hakupepesa macho. Amesikia kwamba watoto wangu wanashika vifaa wenyewe. "Huyu nataka aijue kemia kweli," akasema. "Usimjazie majedwali."

Nilimtazama nikingoja acheke, au ainamishe macho, au afanye chochote kile. Hakufanya. Nikamuuliza, kwa sauti ileile ninayomuulizia mwanafunzi aliyekosea hesabu, kwa nini sisi hakutupa hiyo kemia ya kweli.

Alifikiri kwa dhati. Naamini alijibu kwa unyofu wote aliokuwa nao. "Nyinyi mlikuwa mnatafuta cheti," alisema. "Na mlikipata."

Halafu akaendelea na haja yake. Aliomba mjukuu wake akae meza ya mbele, na kama inawezekana apewe bureti yake peke yake, maana mkono wake bado mzito. Nikamwambia bureti moja wanatumia wanne, watoto wote, na kila mmoja anangoja zamu yake. Akafungua mdomo kubishana. Msichana akamwahi.

"Nitangoja, babu. Si wenzangu nao wanangoja?"

Nilimpenda papo hapo. Nikamuuliza jina, nikamshika bega, nikamwambia kipindi kinaanza sasa hivi, asiwe na hofu akivunja kitu, aje tu aone. Tukavuka uwanja sote watatu. Ndani ya maabara wanafunzi walishaanza kuosha vyombo vyao. Nilimpeleka kwenye kundi lake, mmoja akamsogezea kiti, mwingine akaanza kumweleza koki inafunguliwaje, polepole, kwa kidole kimoja.

Nilipogeuka, Mhadhiri alikuwa amesimama mlangoni. Hakuingia, maana mtu mzima wa kwetu haingii mahali kabla hajakaribishwa, na lile neno moja nimelitamka maisha yangu yote kwa wageni, kwa wauzaji, hata kwa watu nisiowapenda. Alikuwa ametanguliza mguu tayari, analingoja.

Nikawaambia wanafunzi wafungue koki, watazame chupa zao.